Kambi za kujitolea Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand: uzoefu wangu na matofali yasiyokauka

Kabla hujalipa ada ya kambi yoyote ya ujenzi Thailand, waulize waandaaji swali moja: matofali ya udongo yameshafyatuliwa? Wakijibu kwamba mtafyatua wenyewe mkifika, na kambi ni ya siku 14, ukuta hamtauona.

Hesabu yenyewe ni hii. Chumba cha maktaba cha mita 4 kwa 4, chenye ukuta wa mita 2.5, kinakula matofali 750 hadi 850 ya sentimita 40 kwa 20 kwa 10. Wageni 12 wasiowahi kukanyaga tope, wakiwa na kalibu mbili, hutoa 100 hadi 150 kwa siku. Ondoa siku ya kufika, ya kuondoka na za mapumziko, zinabaki 9 au 10 za kazi. Sita zinaishia kwenye kufyatua peke yake, na tofali la mwisho bado linadai wiki nzima ya jua kali, mara nyingi siku 10. Kambi nilizoziona zikifika kwenye lenta, yaani juu ya milango na madirisha, ni zile ambazo wanakijiji walianza mwezi mmoja kabla, wageni wakaja kupandisha ukuta na kukandika.

Kazi yenyewe ni nzuri, na aliyekulia nyumba ya udongo ataielewa haraka. Udongo hupimwa kwanza: jaza chupa ya maji nusu udongo, ongeza maji, tikisa, weka chini. Mchanga hutua haraka, udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea kwa saa nyingi. Ukizidi mfinyanzi, tofali litapasuka likikauka. Ukizidi mchanga, litamomonyoka mkononi. Udongo hulowekwa shimoni usiku kucha, asubuhi watu wanaingia kuukanyaga huku wakimwaga pumba za mpunga, ambazo Isan hazina uhaba. Utajua tope limeiva ukiinua mguu na alama ya unyayo ikabaki bila kujaa maji. Kalibu ichovywe kwenye maji kila mara, la sivyo tope linang'ang'ania pembeni na tofali linatoka bila kona. Chini mwaga pumba kidogo ili lisigande na ardhi. Baada ya siku mbili tatu lisimamishwe kwa ubavu ili upepo upite pande zote. Kujua kama limekauka, vunja moja: rangi ya ndani na ya nje ziwe sawa. Kiini kikiwa cheusi, bado. Wenye haraka huyapanga hivyo hivyo, ukuta ukaanza kushuka na kuinama wenyewe.

Kwa hiyo mwezi ni kila kitu. Mvua za Isan huanza katikati ya Mei hadi Oktoba, na kambi ya matofali ya Agosti ni kambi ya kukimbizana na maturubai. Novemba nako kuna mtego: jua lipo, ila ni mavuno ya mpunga na mafundi wa kijiji wako shambani. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza. Machi na Aprili joto linafika 40, mtafanya kazi masaa matatu asubuhi na mawili jioni, basi.

Kambi za kufundisha Kiingereza sizipi alama nyingi. Shule za serikali hufungwa Aprili hadi katikati ya Mei, na tena Oktoba, lakini nimeona matangazo ya kambi za kufundisha miezi hiyo hiyo. Ukiona hivyo, uliza watoto watatoka wapi.

Kwa wenzangu wa pwani, kusini kuna kambi za kupanda mikoko. Kazi inafuata maji kupwa, pengine saa mbili au tatu tu kwa siku, kwa hiyo usishangae ratiba ikibadilika kila siku. Satun, mkoa wa huko kusini, Waislamu ndio wengi na chakula halali si tatizo. Isan nguruwe ni kawaida, sema mapema kwenye fomu ya maombi, usingoje sahani ifike.

Malazi ni mkeka na chandarua, shuleni, hekaluni au kwa familia. Bafuni kuna tangi na kata; sisi hatuhitaji maelezo. Chakula ni wali wa kunata uliopikwa kwa mvuke kwenye kikapu cha mianzi, unamega tonge kwa vidole kama ugali, unachovya. Kuna kitoweo cha samaki waliochachushwa, pla ra, harufu yake inatangulia mlangoni. Usiku wa kupika chakula cha nchi yako, unga wa mahindi kijijini usiutegemee. Choroko na nazi zipo tele, ila wao choroko huzipika na sukari, kwa hiyo tazama nyuso zao wakikuta chumvi.

Sasa makaratasi, ambako wengi wa kwetu hukwama. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa atokaye Kenya, Tanzania na baadhi ya majirani zao, na chanjo iwe na angalau siku 10. Pale Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usiende moja kwa moja kwenye foleni ya pasipoti: pitia kwanza dawati la afya wagonge muhuri, la sivyo utarudishwa mwisho wa foleni. Tangu Mei 2025 fomu ya kuingia hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Kujitolea bila malipo nako huhesabika kuwa kazi kisheria, kwa hiyo taka barua ya mwaliko na uulize waandaaji aina ya viza, wakikwambia "njoo kama mtalii tu" waombe wakuandikie hilo kwa maandishi uone.

Plagi zetu za pini tatu nene haziingii kule, beba adapta. Na kama karatasi ya maelekezo inasema treni ya haraka ya kwenda Surin, huko Isan, mnaipanda kituo cha Hua Lamphong, Bangkok, karatasi hiyo ni ya zamani: tangu Januari 2023 treni za mbali zinaondokea kituo cha Krung Thep Aphiwat.