Barolo ya 1996: mvinyo nimeupenda, huduma imeniuma

Siku mbili kabla nilipiga simu kwenye mgahawa ule, kule Italia kwenye vilima vya Langhe karibu na Alba, nikaomba jambo moja tu: ile Barolo ya 1996, mvinyo mwekundu wa huko huko, isimamishwe wima. Mvinyo wa umri ule una mashapo. Chupa ikilazwa miaka yote hiyo, mashapo hujikusanya ubavuni. Ukiisimamisha siku moja au mbili hushuka chini, ukimimina taratibu unapata mvinyo safi. Waliniitikia vizuri kabisa.

Tumefika mimi na mke wangu, jioni ya ukungu, mhudumu anakuja na chupa kaibana kwapani, imelala, vumbi bado limeganda upande mmoja. Akaigeuza huku na huku ili tusome lebo. Nikahisi tumbo linanikata. Nikamuuliza kwa upole, hii haikusimamishwa? Akanitazama, akasema Barolo ni mvinyo mgumu kwa mtu asiyeuzoea, labda atuletee kitu kitamu kitamu.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Nimekulia kwenye mizabibu, kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na ukakasi wa mvinyo wa Makutupora ulimi wangu unaujua tangu ujana. Hii nebbiolo yao, zabibu ya kutengenezea Barolo, inayochumwa Oktoba ukungu ukishashuka, nimeifuatilia miaka mingi nikiwa naishi Torino. Sikumjibu. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza.

Kizibo kikakatikia shingoni. Kizibo kikongwe huoza, ndiyo maana kuna kile kifunguo cha meno mawili kinachopita pembeni yake bila kukitoboa. Yeye kakisokota kwa nguvu kama anafungua chupa ya juzi. Kisha akaumwaga mvinyo wote, kwa kishindo, kwenye jagi pana la kioo, hadi tone la mwisho! Barolo changa unaweza kuifanyia hivyo ili ilegee. Mvinyo mzee harufu yake ni nyepesi, unaweza kuipoteza palepale. Glasi ya kwanza ilikuwa kama chai ya rangi isiyochujwa, chenga mdomoni, uchungu. Nikasema moyoni, pesa yangu imekwenda, na hapa sikanyagi tena.

Ikaja brasato. Ni nyama ya ng'ombe iliyolazwa ndani ya mvinyo na karoti, kitunguu na karafuu, halafu ikapikwa kwa moto mdogo saa nyingi hadi inakatika kwa kijiko. Wakati tunaila, jagi lilikuwa limetulia na mashapo yamezama. Nikamimina mwenyewe, polepole, nikaacha ya chini.

Jamani. Rangi pembeni ya glasi ilikuwa ya tofali. Ukiinusa, lami ya barabara mpya, halafu waridi lililokauka, halafu kama majani makavu baada ya mvua. Ukakasi ulikuwepo bado, miaka yote hiyo, lakini tonge la nyama lenye mafuta likipita unalainika, na mvinyo nao unayakata mafuta yale, unataka tonge jingine. Baadaye jibini ya Castelmagno, yenye chumvi na inayomung'unyika, ikafanya vilevile. Mke wangu, ambaye hapendi mvinyo mkali, aliongeza glasi bila kuulizwa. Kwa saa nzima sikumkumbuka yule mhudumu, na nilikuwa tayari kusema huu ndio mlo bora niliokula Italia.

Bili ikaja kamili. Karibu robo ya chupa ilikuwa tope chini ya jagi, na hakuna aliyesema samahani. Nikamwomba chupa tupu tu, nirudi nayo nyumbani, maana 1996 ndio mwaka tuliooana. Alikuwa ameshaitupa.