Mzee wa mipango ya masomo, Shela Malindi: mpeleke mtoto mapema

Chumba chenyewe kiko Shela, mitaa ya nyuma ya Msikiti wa Juma. Bango hakuna. Uliza mzee wa chuo, hata watoto wa madrasa watakupeleka mpaka mlangoni. Alifanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya masomo ya chuo cha sayansi, ndani ya chuo kikuu kimoja hapa Kenya: ratiba, usajili wa kozi, mitihani. Alipostaafu akarudi nyumbani, na sasa kwa shilingi 500 anakaa na mwanao mpaka mambo yaeleweke.

Mimi ni fundi cherehani, Maweni. Nilikwenda kwake nikiwa nimechelewa, ndiyo sababu naandika.

Binti yangu anasoma biokemia, mwaka wa tatu. Muhula ulipofunguliwa Septemba, mtandao wa chuo ulimkatalia kusajili kozi mbili, kwa sababu kemia ogania ya mwaka wa pili haikuwa na alama. Hakufeli. Pale pa alama palikuwa na kistari tu. Mtihani aliufanya, tena jioni ile nilimpigia simu kumuuliza umekwendaje. Ofisini akaambiwa njoo wiki ijayo. Akaenda, akaambiwa mwalimu yuko safarini. Usajili unafungwa wiki ya tatu, na kozi zile hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Akizikosa, mwaka mzima umekwenda, na karo na kodi ya chumba natoa mimi.

Tukapiga hodi Jumamosi asubuhi. Mzee hakuuliza lolote kuhusu mtihani. Alimuuliza binti, "Maabara ulikuwa kundi la siku gani?" Akamjibu Alhamisi, kundi la tatu. "Madaftari ya maabara alisahihisha nani, mwalimu au fundi wa maabara?" Fundi. Mzee akavua miwani, akaiweka mezani. "Basi mama, alama iko kwa fundi."

Akatueleza. Chuoni kwa binti, alama 30 kati ya 100 ni za kazi za muhula, maabara ikiwemo, na 70 ni za mtihani. Darasa ni kubwa na meza za maabara ni chache, kwa hiyo wanafunzi hugawanywa makundi, kila kundi na siku yake. Mwalimu ana karatasi za mtihani mkononi, lakini alama za maabara ziko kwa mafundi. Orodha ya kundi moja isipomfikia, jumla haikamiliki, na mtandao unaacha kistari. "Waulize wenzio wa Alhamisi," akasema. Binti akatuma ujumbe pale pale. Watatu wakajibu kabla sijamaliza chai: na wao wana kistari.

Kisha akachukua kalenda ya mwaka jana, akaigeuza upande mweupe, akachora kwa penseli miaka yote minne, visanduku vya mihula, na mishale kutoka kozi moja kwenda nyingine. Kwenye kemia ogania ilitoka mishale mitatu, mmoja ukafika mpaka mradi wa utafiti wa mwaka wa nne. Hapo nikaelewa bila kuelezwa zaidi, maana hata gauni huwezi kupachika mkono kabla hujaunga bega. Miaka miwili binti yangu yuko chuoni, hakuna aliyewahi kumchorea hivyo.

Barua alikataa kumwandikia. Aliandika binti mwenyewe, mzee akifuta na kurekebisha. Iende kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo. Ya kwenda moja kwa moja kwa msajili italala, kwa sababu alama hupanda ngazi: mwalimu, kikao cha watahini cha idara, kitivo, kisha seneti ya chuo. Binti akaambatisha nakala ya kadi ya mtihani, kurasa za daftari la maabara zenye sahihi na tarehe, na majina ya wenzake watatu. Siku chache baadaye alama ikaingia, 61. Akasajili zikiwa zimebaki siku mbili.

Mzee akaitazama pia ratiba mpya. Maabara ya mikrobiolojia ni Jumanne saa nane hadi saa kumi na moja, na mhadhara wa takwimu umewekwa siku hiyo hiyo saa tisa. Akamwambia aombe kundi jingine mapema, kabla meza hazijajaa. Amepata la Ijumaa asubuhi.

Kasoro zipo. Risiti hatoi. Ijumaa hafungui, na siku nyingine akisikia adhana ya adhuhuri anafunga, hata kama umetoka Gongoni. Kuna kiti kimoja cha mgeni, wengine mnangoja barazani kwenye jua. Mambo ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hayagusi, utatafuta saibakafe.

Hata waliomaliza kidato cha nne huwapokea. Jirani yangu alimpeleka kijana wake mwenye C+, aliyetaka kusoma digrii ya famasia ili afungue duka la dawa. Mzee alimwambia wazi kwamba C+ ndiyo mlango wa kuingia digrii, lakini famasia KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, hupanga kwa alama za kundi la masomo yanayotakiwa na kozi hiyo, na zake hazifiki. Wakakaa saa nzima wakitafuta kozi nyingine. Kijana alitoka amenuna, lakini ametoka na kozi nne anazoweza kuzipata.

Kinachoniuma ni kwamba yote haya ofisi ya chuo inayajua. Mishale ile wangewachorea watoto siku ya kwanza.

Ukienda, beba matokeo ya mihula yote, kadi za mtihani na madaftari ya maabara, hata ya mwaka wa kwanza. Sisi tulikwenda mikono mitupu, akaturudisha Maweni kuyachukua.