Matembezi ya usiku ya majini na mizuka Old Town Mombasa: uzoefu wangu

Wacha niandike sasa hivi kabla sijasahau, manake watu wengi wananiuliza kama yale matembezi ya usiku ya Old Town, ya hadithi za majini, yanafaa ama ni kutupa pesa. Nilienda Alhamisi iliyopita na dada yangu mdogo, tukalipa shilingi 1,500 kila mtu. Jibu langu ni nendeni, lakini kuna kitu kimoja kiliniudhi sana na nitakisema vile kilivyokuwa. Wanaoyaendesha ni vijana wa mtaa wenyewe, jina lao naliacha.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, hizi hadithi nimekua nazo, kwa hivo sikwenda kama mgeni. Mama aliposikia ni Alhamisi baada ya Isha alikataa kabisa, "Yaani mmekosa siku zote mkaona usiku wa kuamkia Ijumaa ndio wa kwenda kuwatafuta?" Hakusema kuwatafuta kina nani, na sisi hatukuuliza. Tulitoka tu ye amenuna.

Tulikutana nje ya Fort Jesus, watu 19, na hapo tayari nataka kusema 19 ni wengi mno, vichochoro vya Old Town ni vyembamba na ukiwa nyuma husikii kitu. Aliyetuongoza ni kaka mmoja wa makamo, kanzu yake na kofia ya vito, sauti ya chini chini ambayo inakulazimisha usogee. Kabla ya kuanza akatupa masharti: tusipige mluzi, tusipige picha mlango wa mtu wala mtu mwenyewe bila kuomba, na ukisikia jina lako limeitwa mara moja usiitike mpaka liitwe tena. Hilo la mwisho nilisisimkwa, juu nyanyangu alikuwa akituambia vivo hivo, neno kwa neno.

Ngome saa hizo imefungwa kwa hivo mnasimama nje kwenye ukuta. Nilidhani atatoa ile historia ya haraka haraka, Wareno walianza kujenga 1593 na kadhalika, na kweli aliitoa lakini hakukaa hapo. Akatuambia tuweke viganja ukutani. Jamani lile jiwe la matumbawe lilikuwa bado na joto la mchana, saa tatu ya usiku, na ukipapasa vidole vinaingia kwenye vile vijitundu vyake kama unashika kitu kilichowahi kuwa hai, na kweli matumbawe yaliwahi kuwa hai. Tukiwa tumeshika hivo ndo akaanza habari ya 1696, Waarabu wa Oman walipoizingira hii ngome mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani, kilichowamaliza zaidi kilikuwa maradhi. Kuna wakati katikati ya ule mzingiro Wareno walikuwa wamekufa, na aliyebaki kuishika ngome ni Daud wa Faza, Mswahili wa kisiwa cha Pate aliyekuwa upande wa Wareno, na jamaa zake, pamoja na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Wanawake! Mimi nimesoma shule hapa hapa Mombasa, nimeletwa Fort Jesus na walimu mara tatu, na sikuwahi kuambiwa hilo. Akasema Daud jina lake tunalo lakini wale wanawake hata mmoja hatuna jina lake, kisha akanyamaza. Hakusema wanalia usiku, hakusema wanaonekana juu ya ukuta, alinyamaza tu na sote tukanyamaza na mikono yetu pale. Dada yangu aliponishika nguo nilihisi anatetemeka.

Hiyo dakika moja peke yake ilitosha hela yangu.

Akaongeza kwamba chini ya maji mbele ya ngome kuna meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 ikiwa imekuja kusaidia, na vitu vilivyotolewa humo viko kwenye makumbusho ndani, nendeni mchana mkavione. Halafu jela. Waingereza waliigeuza ngome jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na hiyo si zamani, marehemu babu yangu aliiona kwa macho yake, alikuwa akipita pale anateremsha sauti kama anayepita makaburini. Kitu nilichokipenda kwa huyu kaka ni kwamba kila akibadilisha alikuwa anasema, "Hii niliyowapa ni historia, sasa nawapa hadithi." Hakuchanganya hata mara moja.

Tukaingia Ndia Kuu, hapo sina mengi, roshani na milango mnaijua. Tulipofika Msikiti wa Mandhry, ule wa 1570, mtu akamuuliza kama pana majini maana kila mtu anasema misikiti ya zamani inao wanaosali humo usiku, akajibu "Hapa sina hadithi ya kuuza" akatupitisha taratibu kwa adabu. Nilimheshimu sana.

Sasa ndo nifike kwenye kilichoniudhi. Tuko kwenye kichochoro, giza, taa ya nyumba moja tu, mara anaruka kijana amejifunga nguo nyeupe gubigubi mpaka kichwani anapiga ukelele. Wenzake yule kaka walikuwa wamempanga. Watu wakapiga mayowe, mama mmoja alianguka magoti akachubuka, na ndani ya nyumba mtoto mchanga akaanza kulia. Jamani ile ilikuwa imefungwa kama sanda. Sanda! Mimi nimemvika sanda shangazi yangu mwaka huu kwa mikono hii, sanda si nguo ya kuchezea, na usiku ule sikuweza kucheka hata wengine walipoanza kucheka. Na pale ni mtaa wa watu, watu wanalala, wana wagonjwa wao na wazee wao, mtu amekaa nyumba hiyo tangu enzi za babu zake halafu kila wiki wageni wanakuja kupiga kelele chini ya dirisha lake. Hapana. Vijana kama mnasoma hii nawaomba kwa moyo safi, hilo litoeni.

Na si mimi peke yangu. Bibi mmoja alikuwa kwenye baraza yake pale pale, leso begani, akasema polepole tu bila kufoka, "Wanangu, ndani humu kuna mgonjwa." Yule kaka alibadilika uso, akaenda akainama, "Shikamoo mamangu, tuwie radhi, hili sikulipenda hata mimi." "Marahaba. Basi wakalisheni watoto wa watu, wamehangaika." Wallahi akatuambia sisi tukae barazani kwake! Yule mama aliyechubuka akaletewa maji ya kuosha goti.

Na Bi akatupa hadithi bila kuombwa. Kwamba wakiwa wasichana walikuwa wakitumwa maji kisimani magharibi, na sharti lilikuwa ugonge ukingo wa kisima na useme "Hodi, wenyewe" kabla ya kuteremsha ndoo. Siku moja dada yake alikuwa na haraka hakusema. Walipovuta kamba ikaja nyepesi, ndoo haimo, na fundo liko vile vile limefungwa, halikufunguka halikukatika. Akatuonyesha kwa ncha ya leso yake, akafunga fundo, akalishika juu kwenye taa tulione, "Hivi. Kama hivi." Hakueleza zaidi. Alipofika hapo aliuliza kama tumekunywa kahawa.

Mwisho tulishuka ngazi za Leven, zile zenye jina la ile meli ya Kiingereza ya 1824, mpaka karibu na maji, na hapo ndo zikaja hadithi za chunusi, yule jini wa baharini anayewavuta waogeleaji na ya yule mwanamke wa kwato. Hii ya kwato kila mtu wa Mombasa anayo yake, mimi nimeisikia ikiwa Makupa, nimeisikia ikiwa Nyali, mara kwato za mbuzi mara za punda, dereva anampakia dada mzuri wa buibui ananukia udi, akishuka ndo anaona miguu. Yule kaka alisema ilimpata ami yake. Sijali ilimpata nani, alivyoisimulia ile harufu ya udi kubaki kwenye kiti siku tatu nilikuwa naisikia puani.

Mkienda vaeni viatu vya kufunga, zile ngazi zinateleza. Nendeni haja mapema juu njiani hakuna choo, na ni saa mbili na nusu za kutembea. Wanataka nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla, sisi walitupa risiti na hawakutusumbua. Watoto chini ya miaka kumi waacheni. Ombeni kikundi kidogo, hata kama ni kuongeza kidogo, na waambieni wazi kabla ya kulipa kwamba hamtaki mtu wa kuwarukia. Nilimwambia yule kaka hivo hivo mwishoni, akanishika mkono akasema atalipeleka kwa wenzake, na nikamwamini.

Tulichukua tuktuk mpaka nyumbani, ilikuwa inakaribia saa sita. Taa za majirani zimezimwa. Mama hakuwa amelala. Alikuwa ameweka chetezo kizingitini, ubani unafuka, akatuonyesha kwa kidole tuvuke juu yake mmoja mmoja kabla ya kuingia. Hakutuuliza kitu. Tukavuka.