Kipima TDS kwa maji ya kisima, Mtwara na Lindi: ipi uchukue, ipi uache

Kiangazi kikikolea na pampu zikivuta mchana kutwa, visima vya Shangani na Mikindani huanza kuonja chumvi. Ulimi huzoea mapema, kwa hiyo watu wengi wanaagiza kipima TDS, yaani cha kupima jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini.

Jua kwanza kwamba vipima hivi vyote hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa maikrosimensi kwa sentimita (kwa kifupi µS). TDS inayotokea kwenye kioo ni hesabu tu: namba hiyo mara 0.5 au 0.7, kiwanda kinavyopenda. Ndiyo maana maji yaleyale ya µS 1,000 huleta 500 kwa jirani na 700 kwako, mkabishana bure. Pima kwa µS.

1. Kalamu ya EC (upitishaji umeme) na TDS yenye kalibresheni, yaani unaweza kuirekebisha isome sawasawa. Hela ikitosha, chukua hii. Hanna HI98311 inasoma hadi µS 3,999, kizidisho unachagua mwenyewe, na elektrodi (ncha inayopima) ikichoka inabadilishwa. Kisima kikiwa jirani kabisa na bahari, chukua HI98312 inayofika µS 20,000. Maji ya bahari yenyewe ni µS 50,000 hivi, hapo zote mbili zinagota. Wenye mashamba ya chumvi wabaki na haidromita yao, ile ya kuelea inayopima uzito wa maji.

2. Kalamu rahisi ya TDS, mfano HM Digital TDS-3. Inamtosha fundi wa chujio la RO (linalosukuma maji kwenye utando ili kuondoa chumvi), au anayetaka tu kujua kama maji ya leo yamezidi ya wiki iliyopita. Usinunue isiyoandikwa ATC, yaani inayojirekebisha yenyewe kwa joto la maji. Maji ya simtanki lililopigwa jua yakifika digrii 35, kalamu isiyo na ATC itazidisha kwa karibu asilimia 20, maana kila digrii juu ya 25 inaongeza kama asilimia 2.

3. Mita ya mkononi yenye waya. Ya wachimba visima. Kwa nyumbani ni hela nyingi bila sababu.

Ya kuacha kabisa: kile kifaa cha vyuma viwili kinachogeuza maji kuwa kahawia mbele ya macho yako, halafu muuzaji anatoa chujio. Ule uchafu ni chuma chenyewe kinacholika kwa umeme. Maji safi yenye madini ya kawaida yatageuka vilevile.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), TDS chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri. Ikipita 1,000 maji yanazidi kutonyweka. Hiyo ni ladha. Vijidudu havionekani kwenye kioo, hivyo maji yenye TDS ya 150 bado yachemshe.

Ukiagiza Kariakoo, dai na pakiti ya maji ya kalibresheni (µS 1,413 kwa HI98311, µS 12,880 kwa HI98312), na muuzaji akutumie picha ya tarehe ya mwisho kabla mzigo haujapanda basi. Akisema haihitajiki, tafuta duka lingine.