Venice au Florence: wapi kwa wapendanao wanaotembea kwa miguu?

Kwa gharama, kati ya miji hii miwili ya Italia, Florence inashinda. Machweo ya Piazzale Michelangelo, uwanja wa kilimani unaotazama mji, ni bure, ilhali gondola (mashua ya kupiga kasia) ya Venice ni euro 90 kwa nusu saa, na tangu 2024 siku fulani wageni wa kutwa hutozwa ada.

Miguu je? Venice ina madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi. Mwenye goti bovu atapata tabu. Lakini hakuna gari wala pikipiki, na hapo ndipo mapenzi hunoga: mnapotea vichochoroni mmeshikana mikono, mnasikia nyayo zenu na maji yakigonga kuta. Katikati ya Florence ni tambarare, ila Julai joto lake ni kali.

Mkijibana kifedha, nendeni Florence. Mkitaka utulivu wa usiku, laleni Venice.