Ruta ya kuangalia HD: ligeuze boksi kwanza

Jumbe zenu ni zile zile: "Dada, nimepandisha kifurushi na tamthilia bado inazunguka." Jamani, Netflix inataka kasi ya Mbps 5 kwa video ya 1080p (hiyo HD), na 15 kwa 4K. TV mbili za HD na simu za watoto hazimalizi Mbps 30. Mara nyingi mchawi ni ruta, hasa ile inayorusha Wi-Fi kwa masafa ya GHz 2.4 peke yake.

Masafa hayo yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukikaa ghorofani, majirani wote mnabanana humo humo, na Bluetooth zenu, na maikrowevu ya mtu anayepasha wali. Mbele ya boksi la ruta ya aina hiyo wameandika Mbps 300. Ligeuze, usome poti, yale matundu ya waya: 10/100. Intaneti inayoingia kwa waya haivuki 100, kwa hiyo hiyo 300 ni pambo.

Mimi nampigia debe TP-Link Archer C6, wala sifichi. Inarusha GHz 2.4 na pia GHz 5, ambako hambanani hivyo, na poti zake zote ni gigabiti, yaani Mbps 1000. Ukiletewa C50 ukaambiwa "ni ile ile", kataa kulipa bei moja; poti zake ni 10/100, ingawa kwa HD inatosha.

Ya pili ni Archer AX23, kwa nyumba yenye vifaa vingi vya Wi-Fi 6, kizazi cha sita cha Wi-Fi. Ya tatu ni Deco E4 za pakiti, vile viboksi kadhaa unavyovitawanya vyumbani virushe mtandao mmoja, kwa nyumba ndefu yenye kuta nene, maana GHz 5 huchoka haraka ikikutana na ukuta.

Bei ya chini kabisa: Tenda N301. Chumba kimoja, simu mbili, basi.

Kabla hujanunua, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye TV. TV nyingi za bei nafuu hazioni kabisa mtandao wa GHz 5. Hapo vuta waya wa LAN kutoka kwenye ruta. Poti ya Mbps 100 ya TV inabeba hata 4K.

Sasa wauzaji wetu wa Kariakoo. Bei hazibandikwi, unakadiriwa kwa viatu ulivyovaa. Halafu ruta yenye GHz 5 inaitwa "ya 5G" ili ilipiwe kama ile ya 5G ya kweli, inayotumia laini ya simu. Mwambie akuonyeshe laini inapoingia. Kama hakuna tundu, ashushe bei au nenda duka la pili.