Maswali ya mwendo: fomula au grafu?

Basi linaondoka kituoni kwa mchapuko (ongezeko la kasi kila sekunde) wa 2 m/s² kwa sekunde 10, kisha linashika 20 m/s kwa sekunde 30. Limekwenda umbali gani? Kwa fomula unakata safari vipande viwili: mita 100, halafu 600. Kwa grafu ya kasi na muda unachora trapeza moja, na eneo lake ndilo umbali: (40 + 30) ÷ 2 × 20, mita 700 papo hapo.

Muda usipotajwa, v² = u² + 2as (u ni kasi ya mwanzo, v ya mwisho, a mchapuko, s umbali) haina mpinzani. Ila inadai mchapuko usiobadilika, na wengi huibandika kwenye safari nzima, wakakosa. Nimesahihisha kosa hilo mara nyingi mno! Kwenye grafu, mstari unapopinda, yaani mchapuko unapobadilika, unauona kwa macho. Lakini grafu hula dakika, na inataka rula. Swali la kipande kimoja, shika fomula. Safari ikibadilika njiani, chora kwanza.